F-150 itaweza tela la gurudumu la tano la futi 32? Muuzaji anasema ndiyo, moyo wangu unakataa

BabaNeema_Katy

Habari za humu wakuu. Nipo Katy, pembeni ya Houston, mwaka wa tisa sasa. Mke wangu ni nesi wa mikataba, wale wanaopelekwa hospitali fulani wiki 13, wakimaliza wanahamia jimbo jingine. Tumeshakaa Amarillo, tumekaa Tulsa, sasa hivi mkataba wake ni wa Albuquerque (wiki hii yupo nyumbani), na kila tunakofika tunapanga nyumba yenye fanicha kwa bei ya kuumiza. Manesi wenzake wengi wanaishi kwenye matela ya kambi. Unalipia kiwanja na umeme, unalala kitandani kwako, mkataba ukiisha unang'oa nanga. Mimi kazi yangu ni ya kompyuta, naifanyia popote palipo na intaneti. Watoto wawili, miaka 9 na 6, tumeamua watasomea nyumbani kwa sasa.

Tela tumeshalipenda. Ni la aina ya gurudumu la tano, yaani halifungwi kwenye bampa. Lina shingo inayopanda juu ya bodi ya pikapu, na pini yake inakaa kwenye sahani iliyofungwa ndani ya bodi, kama semi za kwetu. Urefu futi 32. Karatasi yake inasema likiwa tupu lina paundi 8,950, mwisho wake likiwa na mzigo ni 11,500, na uzito wa pini ni 1,780.

Gari langu ni F-150 ya 2019, injini ya lita 3.5 EcoBoost (yenye turbo), milango minne, 4x4, bodi fupi ya futi 5 na nusu. Muuzaji wa matela kanigeuzia kompyuta yake nikaona kwa macho yangu: gari hili linavuta zaidi ya paundi 10,000. Akasema tela ni 8,950, kwa hiyo "nafasi unayo". Anataka nilipe amana kabla ya Ijumaa.

Sijui kwa nini, lakini nilipolizunguka lile tela nikaangalia na pikapu yangu pembeni, niliona kama mtoto kabebeshwa gunia. Wenye uzoefu naombeni msaada. Naomba kuwasilisha.

MzeeWaTunduma

Baba Neema, kabla ya kulipa chochote nenda kafungue mlango wa dereva. Kwenye nguzo kuna stika yenye njano na nyeupe, ina kipicha cha tairi. Hapo pameandikwa abiria na mizigo kwa jumla wasizidi paundi kadhaa. Niletee hiyo namba. Ya muuzaji iache hukohuko kwenye kompyuta yake.

BabaNeema_Katy

Shikamoo mzee. Nimesoma, ni 1,560. Lakini hiyo si ya mizigo ya ndani? Mimi nauliza habari ya kuvuta.

MzeeWaTunduma

Marahaba. Hapohapo ndipo wengi wanapopigwa, kwa hiyo nivumilie nitaandika kirefu.

Tela la namna hiyo hulivuti tu, sehemu yake unalipakia mgongoni. Pini ikishakaa kwenye sahani, uzito wake wote unashuka kwenye bodi yako, juu ya ekseli ya nyuma. Ndiyo raha yake, maana mzigo ukikaa juu ya ekseli, tela halipepesuki hovyo lori kubwa likikupita. Na ndiyo gharama yake. Kwa tela la bampa, kichwa chake kinakulalia kwa asilimia 10 mpaka 15 ya uzito wa tela. Kwa hili la pini ni 15 mpaka 25. Mimi huwa napigia 20.

Sasa tupige ya kwako. Ile 8,950 isahau, huo ni uzito wa tela ambalo halijaingizwa hata kijiko. Ninyi mnakwenda kuishi humo. Weka nguo za watu wanne, masufuria, vitabu vya watoto, betri, mitungi ya gesi. Maji nayo si hewa: galoni moja ni paundi 8.3, kwa hiyo tangi la galoni 50 likijaa ni 415 peke yake. Na mama wa Kitanzania namjua, kinu hakibaki Katy. Mimi nakuwekea 10,800 na sijakuonea. Asilimia 20 ya hapo ni 2,160. Hiyo 1,780 ya kwenye karatasi ni ya tela tupu na haitadumu siku mbili, kwa sababu stoo kubwa ya matela haya iko mbele, chini ya chumba cha kulala, jirani kabisa na pini. Kila mnachotupia humo, sehemu kubwa inakuja mgongoni kwako.

Upande wa gari una 1,560. Dereva naye anahesabiwa humo, watu hujisahau wenyewe. Tuseme wewe 210, shemeji 160 (anisamehe), watoto wote wawili 140. Umebaki na 1,050. Sahani na vyuma vyake vya kufungia, weka 150. Umebaki na 900. Pini inataka 2,160. Umezidi kwa paundi 1,260, yaani zaidi ya kilo 570, na hujapakia hata maji ya kunywa njiani.

Muuzaji hakusema uongo, ndiyo maana mtego wake ni mzuri. Namba ya kuvuta inatoka kwenye kanuni ya wahandisi wa magari, SAE, inaitwa J2807. Gari linapandishwa mlima wa Davis Dam kule Arizona, kwenye joto, kiyoyozi kimefunguliwa mpaka mwisho, na pikapu yenye tairi moja moja nyuma haitakiwi kushuka chini ya maili 40 kwa saa. Mtihani wa haki kabisa. Lakini kwenye hesabu ya uzito, ndani ya gari yumo dereva na abiria mmoja, paundi 150 kila mtu. Hakuna Neema, hakuna mdogo wake, hakuna begi. Kwa hiyo ile namba inakuambia injini, gia na rejeta vitaufikisha mzigo juu. Kwamba springi, ekseli na tairi zako za nyuma zitabeba pini pamoja na familia, hiyo ni kazi ya stika ya mlangoni.

Kabla sijaja huku niliendesha semi Dar–Tunduma miaka 11. Ukipanda mizani ya Vigwaza hakuna anayekuuliza injini yako ina farasi wangapi. Unapimwa ekseli kwa ekseli. Jumla yako inaweza kuwa chini ya tani 56 na bado ukasogezwa pembeni kwa sababu ekseli moja imezidi. Pikapu ni hivyohivyo, tofauti ni kwamba huku hakuna anayekusimamisha, kwa hiyo mizani unajiwekea mwenyewe.

Halafu mkataba wa sasa ni Albuquerque, ujao shemeji anaweza kupangiwa milimani, magharibi ya Denver. Kwenye I-70 pale handaki la Eisenhower mko zaidi ya futi 11,000 juu ya bahari. Kupanda sina wasiwasi, turbo itakufikisha. Kushuka ndiko kunakonitia homa. Waliowahi kushuka mlima Kitonga na mzigo wananielewa. Unashuka kwa gia, mguu wa breki ni wa kugusa na kuachia, na tela la nyuma lisiwe na nguvu ya kukusukuma kuliko uwezo wako wa kulizuia.

JogooLaArlington

Wazee mnapenda kutisha watu. Mimi nina pikapu ya nusu tani, daraja moja na hiyo F-150, V8 ya petroli, nimevuta futi 30 kutoka Arlington mpaka Pensacola na kurudi, huu mwaka wa pili. Ukiona nyuma kumelala funga puto za hewa kwenye ekseli, gari linanyooka kama limetoka dukani jana. Kesi imeisha.

MzeeWaTunduma

Jogoo, tela lako ni la bampa au la pini?

JogooLaArlington

La bampa.

MzeeWaTunduma

Tupu lina ngapi?

JogooLaArlington

5,900 hivi.

MzeeWaTunduma

Basi mwanangu umejibu mtihani wa darasa jingine. Lako likijaa linakulalia kwa paundi mia saba, mia nane. La mwenzio ni elfu mbili na ushee. Na kutoka kwako mpaka Pensacola mlima uliopanda ni madaraja.

Puto nazo tuelewane. Zinanyanyua matako ya gari, taa za mbele zinaacha kumulika nyota, hilo ni zuri. Ila ekseli ni ileile, beringi ni zilezile, rimu na tairi ni zilezile, na stika ya mlangoni haibadiliki hata herufi. Mtu mwenye mzigo mzito ukimnyoosha mgongo kwa kumfunga ubao, magoti yake bado ni yaleyale.

Mdau_Mbagala

Nasoma hapa nacheka. Hilux ya mjomba inabeba tofali, mbuzi wawili na vibarua wanne juu, na haijawahi kuwa na stika ya njano.

MzeeWaTunduma

Ilikuwa nayo. Mjomba aliipaka rangi.

MamaPacha_MN

Mimi ni Mkenya, tuko Minnesota. Mimi na mzee wangu tuliishi kwa trela mwaka mmoja na nusu, mimi pia nilikuwa nesi wa mikataba. Hesabu ya Mzee iko sawa, lakini hakuna mtu ameguza kitu kingine ambacho kilitufunza sisi vibaya: urefu wa bodi. Baba Neema, futi tano na nusu! Mahali sahani inakaa ni juu ya ekseli ama mbele yake kidogo, kwa hivyo ukiwa na bodi fupi, pua ya trela iko karibu sana na kabini ya gari. Barabarani hutaona shida. Shida ni siku unarudi nyuma kwa kambi, giza imeingia, mvua, mzee wangu anakata kona kali ndio aingie kwa nafasi, na mimi niko nje na tochi napiga kelele "simama!" Kona ya trela iliingia kwa dirisha ya nyuma. Vioo ikamwagika kwa kiti ya watoto. Tunashukuru watoto walikuwa wameshuka.

Kuna sahani za kuteleza, zile unazisukuma nyuma ukitaka kukata kona halafu unazirudisha. Zinasaidia, lakini ni nzito zaidi, na tayari umeambiwa hauna paundi za kuchezea. Bodi ya futi 6 na nusu ni afadhali, ya futi 8 utalala usingizi. Angalia pia nafasi kati ya ukingo wa bodi na tumbo la trela, iwe kama inchi 6, la sivyo ukiingia kwa barabara yenye mashimo trela inakalia bodi. Pikapu za siku hizi ziko juu sana, usidhani itatosha tu.

Na mkiletwa huku kwetu Januari na hiyo trela, nitafute nikupe namba ya mtu wa hita. Hiyo ni hadithi ya siku nyingine.

BabaNeema_Katy

Asanteni sana. Dada pole kwa lile dirisha, mke wangu kasoma hilo akanyamaza dakika nzima.

Amana sijalipa. Jumamosi tumeenda wote wanne kwenye mizani ya CAT Scale, ipo kwenye kituo cha malori hapa I-10. Tangi nimejaza kwanza. Nilikuwa naona aibu kujipanga nyuma ya malori na ka-pikapu kangu, lakini dereva mmoja akaniashiria nipite. Unapanda, unabonyeza kitufe, unaongea na mtu ndani, unapewa karatasi. Haikufika dola 20. Ekseli ya mbele 3,340, ya nyuma 2,840, jumla 6,180.

Stika nyingine ya mlangoni inasema gari langu mwisho wake ni 7,050. Kwa hiyo nimebakiwa na 870, na sahani bado haijafungwa! Mzee ulinipa 1,050 nikajiuliza 180 zimekwenda wapi. Ni lile boksi la zana nililofunga nyuma ya kabini, na kifuniko cha bodi, na takataka zilizomo ndani ambazo sijazigusa tangu 2021.

Kutoka hapo nikapita kwenye yadi mbili za magari yaliyotumika. Sikuongea na mtu, nilikuwa nafungua milango nasoma stika, walinzi wakaanza kunifuata. Hapa ndipo nimechanganyikiwa. Pikapu ya robo tatu tani, dizeli, imepambwa viti vya ngozi na paa la kioo: stika 2,190. Ya pembeni yake, robo tatu tani, petroli, viti vya kitambaa, ya kawaida tu: 3,240. Halafu tani moja ya dizeli, tairi moja moja nyuma, bodi ya futi 8: 3,860. Inakuwaje dizeli kubwa yenye nguvu zote hizo inabeba kidogo kuliko petroli?

MzeeWaTunduma

Umefanya kazi nzuri kuliko muuzaji wako. Hapo umekutana na siri ambayo matangazo hayaisemi.

Kwanza hayo majina nusu tani, robo tatu, tani moja, ni majina ya kale, hayana uhusiano na uzito wa leo. Pili, pikapu nyingi za robo tatu tani zimeandikishwa mwisho wake paundi 10,000 kamili, kwa sababu ukivuka hapo gari linaingia daraja jingine, na baadhi ya majimbo yanalihesabu tofauti. Sasa dari ni 10,000. Injini ya dizeli ni nzito kuliko ya petroli kwa mamia ya paundi. Ongeza 4x4, ngozi, kioo cha paa, mota za viti. Kila kilo ya mapambo inakatwa kwenye kile unachoweza kubeba, maana dari halisogei. Ndiyo maana unaona dizeli ya kifahari ina msuli wa kuvuta nyumba, halafu pini ya nyumba hiyohiyo inalishinda. Na kuna robo tatu tani, kwa mfano Ram 2500, zilizowekewa springi za duara nyuma ili zisirushe abiria, wakati ndugu yake wa tani moja, 3500, ana springi za vyuma bapa kama lori. Tofauti hiyo utaihisi siku ya mzigo.

Mahitaji yako, kwa namba zako mwenyewe: watu 510, boksi na kifuniko 180, sahani 150, pini 2,160. Jumla 3,000. Dizeli ya robo tatu imekufa hapo. Petroli ya robo tatu inapita kwa 240, inatosha mpaka watoto waanze kula kama wakubwa. Tani moja umebakiwa na 860 na bodi ndefu aliyoisema dada wa Minnesota, na dizeli ina breki ya egzosi ya kukushusha milimani bila kuchoma breki za miguu. Ningekuwa mimi ningechukua hiyo, hata kama ina maili nyingi. Tairi mbili mbili nyuma hamzihitaji kwa tela hili.

Leseni usihofu. Pikapu hiyo mwisho wake utakuwa 11,000 na kitu, tela 11,500, hamfiki 26,001, kwa hiyo leseni yako ya kawaida ya Texas inatosha. Ila kagua tairi ziwe za daraja la mzigo E, yaani zile za kubeba mizigo mizito, usome na namba ya ekseli ya nyuma kwenye ile stika ya pili. Siku mkishafunga na kupakia kila kitu, rudini mizani mkiwa na tela. Pima mkiwa mmefunga, kisha lifungue pembeni upime gari peke yake. Tofauti kwenye ekseli za gari ndiyo pini yako ya kweli, na hapo mimi na asilimia zangu 20 tutanyamaza.

JogooLaArlington

Mzee, nimekwenda kusoma stika yangu. Sitaisema humu.

BabaNeema_Katy

Tumekaa kikao cha familia. Ile ya tani moja ina maili 118,000 na bei yake inatoa machozi hata baada ya kuuza F-150, lakini ukilinganisha na kodi ya miezi sita ya Albuquerque haituui. Jumatatu nampelekea fundi aikague kabla sijasaini. Muuzaji wa tela nimemwambia asubiri, akaniuliza nani kanitia woga, nikamwambia mlango wa gari langu.

Mama Neema ana swali moja tu kwa Mzee, amenisimamia hapa niliandike: kinu kinaingia au hakiingii?

MzeeWaTunduma

Kinaingia. Kiwekeni katikati, juu ya ekseli za tela, mkifunge na kamba. Stoo ya mbele kisiione.